Aliyecheka kwa Kuchelewa

"Bado! Nyeusi!"

"Na sasa?"

"Imekuja... aa, imeganda. Rudisha kidogo, fundi! Ulikotoka!"

Jumapili hiyo, saa kumi na moja jioni kasoro dakika nne, mgahawa wa Dada Ziada pale Mikumi ulikuwa umejaa kuliko siku ya mpira. Madereva wa malori waliokwisha kula na kulipa hawakuondoka. Akina mama wa sokoni walikuwa wamefunika nyanya zao na kuja kukaa kwenye viti vya mbele. Wote walifuata jambo moja: Wapangaji wa Bi Sikudhani, kichekesho kilichokuwa kikijaza sebule za watu miaka ishirini na zaidi iliyopita, kilikuwa kinarudi kwenye televisheni. Na siku hiyohiyo nyani walikuwa wamelikalia dishi la Dada Ziada mpaka likageukia mbugani.

Anastazia alisimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, akipeleka habari kutoka kwenye skrini kwenda juu ya bati. Sura ya fundi hakuwa ameiona. Aliona miguu miwili tu, yenye makubazi ya matairi, ikining'inia ukingoni mwa paa.

"Hapo hapo! Usiguse tena!"

"Hata pua ikiniwasha?"

"Jikune kwa mkono usioshika dishi."

Watu wakaangua kicheko. Anastazia hakucheka. Tangu Februari, walipomzika baba yake, kicheko kilikuwa kinamfika kooni kisha kinarudi.

Wimbo ukalia, mlango wa nyumba ya kupanga ukafunguka, na maneno yakaanza mgahawa mzima.

"Jamani, Bi Sikudhani kazeeka!"

"Wewe je, umebaki mtoto?"

"Na sofa la nini? Ile nyumba tuliizoea na ndoo iliyopinduliwa!"

Dereva mmoja mnene, aliyekuwa amevua viatu kabisa, alitikisa kichwa. "Haina ladha. Kile kicheko kiko wapi? Yule mzee aliyekuwa anacheka wenzake wakishamaliza?"

Hapo kila mtu akakumbuka. Enzi hizo kichekesho kilirekodiwa mbele ya watu ukumbini. Watu wangecheka, wangenyamaza, halafu mwanamume mmoja angecheka peke yake, kama pampu ya kisima inayovuta hewa: hii, hii, hii-hooo. Dereva akamwiga. Alimwiga vibaya sana, na watu wakampigia makofi.

Anastazia akaweka mwiko chini, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kusimama kwenye kivuli cha tangi la maji.

Huko ndiko ngazi ilikokuwa imeegemezwa. Miguu yenye makubazi ikashuka, ikafuatiwa na suruali iliyokatwa magotini, jezi ya kijani iliyopauka, na uso mrefu wenye vumbi la bati.

"Dada, mimi ndiye mwenye pua. Naitwa Jastin, natoka Dumila. Nimekukosea?"

"Hapana."

"Aliyekukosea ni nani, nikamgeuzie dishi lake?"

Anastazia alifuta macho kwa pindo la aproni. Hakujua kwa nini alimwambia mtu asiyemjua jambo ambalo hata Dada Ziada hakulijua. "Huyo wanayemwiga ni baba yangu."

Jastin hakutabasamu. Alivuta ndoo, akaipindua, akaketi. "Nyumbani kwetu tulimsubiri yeye kuliko Bi Sikudhani," alisema polepole. "Pole sana. Kwa nini alikuwa anachelewa?"

"Sijui. Sikuwahi kumwuliza. Alikuwa mlinzi wa ukumbi waliorekodia, pale Kilosa. Kila mara alikuwamo. Simu yake ilikuwa ya kitochi, kwa hiyo hatuna video wala sauti. Tuna picha tatu, na zote kanuna. Nataka kukisikia tena kicheko chake, fundi. Nitakitafuta mpaka nikipate."

* * *

Anastazia hakuwa anatania. Alipiga simu kituo cha televisheni kila Jumatatu mpaka mpokea simu akaijua sauti yake. Wiki ya tano akajibiwa kwamba kanda za zamani hazipo, zilirekodiwa vipindi vingine juu yake. Akasema asante, na Jumatatu iliyofuata akapiga tena.

Na kila Jumapili, kipindi kikiisha, simu yake ililia, na mpigaji alikuwa Jastin.

"Shikamoo, mama wa jikoni."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula nini na wewe uko Mikumi? Leo nimeona ugali wa mtu mwingine, nikageuza uso."

"Mwongo mkubwa! Nasikia unatafuna."

"Natafuna huzuni, mpenzi."

Alikuja mara mbili kwa pikipiki, vumbi la Kilosa limempaka mpaka kope. Mara ya pili alimkuta amevaa gauni jipya la kitenge chenye maua ya njano, nywele kazisuka mtindo wa tatu kichwa, akasahau alichokuja kusema. Dada Ziada alisema dishi lake sasa halina hata nati iliyolegea, basi huyo fundi anakaza nini?

Halafu ikaja wiki ya saba.

Kwenye ukurasa wa kipindi, watazamaji walikuwa bado wanalalamika juu ya kicheko. Jastin akaandika chini yao: Mwenye kicheko hicho alikuwa mlinzi wa ukumbi Kilosa, amefariki mwaka huu. Familia yake inatafuta kanda yoyote ya zamani. Mwenye nayo tafadhali aseme. Aliandika kwa nia njema, akalala vizuri.

Kufika asubuhi maneno yale yalikuwa yamesambaa nchi nzima. Wengine walimwombea marehemu. Wengine walijirekodi wakimwiga, tena wakishindana. Mmoja aliandika: Kama amekufa wachukue mwingine, watu wa kucheka wamejaa. Na mama yake Anastazia, Mama Magdalena, akiwa anachagua dagaa sokoni Kilosa, alisikia kicheko cha mumewe kikitoka kwenye simu ya muuza mitumba, kumbe si chake, ni cha mtu asiyemjua aliyekuwa akimwiga. Aliacha dagaa palepale akarudi nyumbani.

"Jastin," Anastazia alisema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa tulivu kiasi cha kutisha. "Nilikuambia wewe. Sikuwaambia watu."

"Stazia, nilitaka tu..."

"Mama yangu hajala tangu jana. Umemtoa baba yangu nje akachezewe. Usinipigie."

"Nisikilize basi, mama."

"Usiniite mama. Mama yuko Kilosa, analia."

Akakata. Jastin aliyafuta maneno yake siku hiyohiyo, lakini yalikuwa yameshachukuliwa. Jumapili iliyofuata simu haikulia, na Anastazia akagundua kwamba alikuwa amekaa karibu nayo saa nzima, ndani ya gauni la maua ya njano.

* * *

Hasira haikumzuia kutafuta. Alianza kusoma yale maoni, yote, elfu mbili na zaidi, moja baada ya jingine, saa za mapumziko, akiwa ameketi juu ya gunia la mkaa. Matusi aliyapita. Mzaha aliupita. Siku ya nne, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu aliyepajali, akakuta mstari mmoja: Mimi Beda wa Magole nilikuwa naonyesha video kijijini, nilirekodi vipindi hivyo, kanda chache zilipona mafuriko.

Akaomba ruhusa, akapanda basi mpaka Kilosa, akaunganisha jingine la kwenda Dumila, akashukia Magole jua likiwa utosini. Aliulizia nyumba ya Mzee Beda, akaonyeshwa nyumba ya matofali ya kuchoma. Nje ilisimama pikipiki anayoijua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu. Wewe nawe ni wa kanda?"

Ndani, sakafuni, Jastin alikuwa amekaa katikati ya deki tatu za kuchezea kanda, zilizofunguliwa matumbo. Macho yalikuwa mekundu. Mbele yake, juu ya gazeti, utepe mweusi wa kanda ulikuwa umetandazwa kama mkufu, naye alikuwa akiusafisha tope kwa pamba, kipande kwa kipande.

"Ana siku ya tatu hapo," alisema Mzee Beda. "Chai anakunywa akikumbushwa."

Anastazia alibaki mlangoni. "Uliyasoma yote? Yale maoni?"

"Yote. Niliyaleta mimi, ilibidi niyasome." Jastin hakuinua kichwa. "Nilimkosea mama, na nilikukosea wewe. Ilibidi nikuulize kwanza. Sikukuambia niko huku kwa sababu kanda ingeweza kukataa. Sikutaka kukuzikisha baba mara ya pili."

Anastazia akavua viatu, akakunja kitenge chini ya magoti, akaketi upande wa pili wa gazeti.

"Nipe pamba," alisema.

* * *

Sebuleni kwa Mama Magdalena, Kilosa, televisheni ilikuwa imefunikwa khanga tangu siku ya msiba. Ndugu walikwishasema inatosha, ifunuliwe, yeye akawa anasema kesho. Jastin alipiga goti mlangoni akamwamkia, akaomba msamaha kwa maneno machache, bila kujitetea. Mama aliutazama mzigo mikononi mwake.

"Hiyo uliyobeba ni nini?"

"Ni deki, mama. Tukiruhusiwa."

Mama mwenyewe ndiye aliyeiondoa khanga. Akaikunja mara nne, akaishika kifuani.

Picha ilikuwa na mistari na chenga. Bi Sikudhani, kijana, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Akasema neno lake, ukumbi ukapasuka kwa kicheko, ukatulia. Na hapo, katikati ya utulivu: hii, hii, hii-hooo.

Anastazia aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Rudisha," alisema mama yake. "Ongeza sauti. Sikilizeni kabla hajacheka."

Jastin akarudisha. Wakainamia spika. Watu walicheka, wakatulia, na sekunde mbili kabla ya kile kicheko, mnong'ono ukasikika, wa mwanamke, wa haraka.

"Huyo ni mimi," alisema Mama Magdalena. "Mashine za mkonge zilimuua sikio moja na nusu ya la pili, kabla hajapata kazi ya ulinzi. Nyumbani alisoma midomo yetu, hata wewe hukugundua, lakini hakuwa anasikia wanachosema jukwaani. Nilikuwa naacha chai yangu ya kuuza mlangoni, nakaa naye, narudia kila neno sikioni mwake. Ndipo anacheka." Akapangusa uso kwa khanga. "Nchi nzima ilidhani ana akili nzito. Alikuwa ananisubiri mimi."

Walikitazama kipindi chote. Mama alicheka mahali panne. Jioni akaenda kutenga chai, akachukua muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Jastin alikuwa ameshika ile kanda magotini, akiigeuzageuza. "Stazia," alisema, "sina maneno ya kupamba. Nataka kuja na wazee wangu hapa kwenu. Nataka nikuoe."

Anastazia alikuwa anatazama skrini tupu. Alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alizisogeza nywele zake nyuma, akamgeuzia sikio la upande wa pili.

"Rudia," alisema. "Hapa, kwa karibu."

Jastin akasogea, akarudia kwa mnong'ono, neno kwa neno. Jikoni vikombe vikaacha kugongana.

Kisha, wote wakiwa wameshachoka kusubiri, kwa mara ya kwanza tangu Februari, kicheko kikatoka kifuani mwa Anastazia kama pampu inayopata maji: hii, hii, hii-hooo.