Alichonyamazia Orlaith

Kaka yangu Garvan Veale alifariki Jumatano moja ya Februari, asubuhi, wakati maduka ya gatini, kando ya mto, yakifunguliwa. Moyo ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Mkewe, Orlaith, alikuwa jikoni anapaka siagi kwenye mkate. Hakusikia kishindo. Alichosikia ni kwamba mluzi umekatika, maana Garvan alikuwa mtu wa kupiga mluzi tangu akiamka, na nyumba yao haikuwahi kuwa kimya namna ile.

Msibani walijaa watu wa pande zote mbili za mto. Wakanywa chai, wakala mikate ya nyama, wakaanza kusimulia mechi ya zamani ya mchezo wetu wa fimbo, iliyochezwa mjini Thurles. Mmoja akasema Garvan alifunga pointi nne siku ile. Mwingine akaapa kwamba alifunga goli, lenye thamani ya pointi tatu, na fimbo ikamvunjikia mkononi. Orlaith alikuwa akiwasikiliza tu, mikono mapajani. Mechi ile niliitazama kwa macho yangu, na mengine walinisimulia wenyewe wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Kwa hiyo naandika ilivyokuwa.

Walikutana Jumamosi ya mwezi Mei ndani ya duka la dawa la gatini, saa ambayo mji wetu wote wa Waterford huwa umekumbuka kwamba unaumwa. Foleni ilifika mlangoni. Garvan aliingia na suti ya mazoezi, nyeupe na bluu, rangi za kaunti yetu, magoti yana tope, mkono wa kulia ameuzungushia taulo la jikoni.

"Garvan, mwanangu! Umeumia, na mashindano ndiyo yanaanza?" akauliza Bibi Kehoe.

"Kidole tu, bibi."

"Kidole! Marehemu mume wangu alicheza fainali na taya limevunjika."

"Ndiyo maana mkafungwa," alisema mtu wa nyuma, na foleni nzima ikacheka, ikampisha majeruhi mbele.

Kauntani alisimama msichana ambaye Garvan hakuwahi kumwona. Alivaa koti jeupe la kazi, nywele zake nyekundu amezibana juu kwa penseli, na kwenye kola amechomeka beji ndogo, mistari myeusi na ya njano, rangi za kaunti jirani, mahasimu wetu.

"Wewe ni wa Kilkenny," Garvan akasema.

"Na wewe ni wa kuvunjika vidole. Nyoosha huo mkono."

"Mnaruhusiwa kufanya kazi upande huu wa mto?"

"Tunaruhusiwa kuwatibu. Kushinda ndiko hatuwaruhusu."

Foleni ikaguna kwa raha. Alikifunga kidole taratibu, bila haraka, kana kwamba hakuna mtu mwingine anayesubiri.

"Unaitwa nani," Garvan akauliza, "nijue wa kumshtaki kikikatika?"

"Orlaith Delahunty."

Bibi Kehoe akasogeza miwani. "Delahunty? Dada yake Pierce?"

"Ndiyo, dada yake Pierce."

Pierce Delahunty alikuwa namba tano wa Kilkenny, beki wa pembeni. Kwetu jina lake lilitajwa kama linavyotajwa gonjwa la mifugo. Garvan alitazama kidole chake kilichofungwa, akamtazama msichana.

"Hiki kidole alikivunja yeye, Machi. Leo kimerudia tu. Kumbe familia nzima inaishi kwa vidole vyangu! Kaka anavunja, dada anauza bandeji."

Orlaith alicheka mpaka penseli ikaanguka na nywele zikamwagika mabegani. Garvan aliniambia baadaye kwamba alijua pale pale kuwa ndiye.

Mapenzi yao yalikuwa ya daraja na simu. Orlaith alikaa kwao Ferrybank, ng'ambo ya mto, ambako mtu akitupa jiwe kutoka kwetu linaangukia Kilkenny. Garvan aliamka mapema kuliko jogoo, akaenda kiwandani kuoka mikate, jioni akaenda mazoezini, maana kwenye hurling, huu mchezo wetu wa fimbo, hakuna anayelipwa. Akitoka huko ndipo anapiga simu.

"Paka wangu, umelala?"

"Paka halali, anawinda. Umekula?"

"Nimekula benchi. Kocha amenipakulia sahani nzima."

"Pole, laazizi. Siku yako itafika."

"Ikifika utavaa rangi gani?"

"Usinijaribu, Garvan Veale."

Garvan alikuwa anatania, lakini lilikuwa swali kweli. Kwa miaka sita kaka yangu alikuwa kwenye kikosi cha kaunti, na kwa miaka sita hakuwahi kuanza mechi hata moja ya kiangazi, mechi za ubingwa ambazo ndizo zinazohesabika. Aliingia dakika za mwisho mara mbili tatu. Hakunung'unika. Ila alitaka aanze mara moja tu, na kuanzia Mei ile alitaka Orlaith awepo akiona.

Agosti tukafika nusu fainali. Tulipangwa na Kilkenny, Jumapili, uwanja mkubwa wa Dublin.

Ijumaa gazeti likatoa majina. Namba kumi na mbili, winga wa kushoto: Garvan Veale. Winga yule hukabwa na namba tano, yaani Pierce. Simu ya kwetu ililia kabla sijamaliza kusoma.

"Dervla, mpe kaka yako! Garvan? Garvan, kumi na mbili!"

"Ndivyo gazeti lilivyoandika," Garvan akasema.

"Sikia huyu! Mnyenyekevu kama mtawa! Sasa nisikilize. Nimeshaamua. Navaa zenu."

"Orlaith..."

"Mama amekasirika, hasemi na mimi. Amesema nikamvalie mtu baki rangi zake mbele ya kaka yangu wa tumbo moja? Nimemwambia huyu si mtu baki. Nimenunua gauni, jeupe, na mkanda wa bluu. Mbona kimya?"

"Nakusikia, mpenzi."

"Umefurahi?"

"Nimefurahi kwamba unakuja," akasema, akaweka simu chini, akabaki ameitazama.

Alichojua yeye, na sisi hatukujua, ni hiki. Alhamisi, baada ya mazoezi, kocha aliwafungia mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Aliwaambia majina ya gazetini ni ya gazeti, Kilkenny wahangaike nayo. Winga wa kushoto ataanza kijana mwingine, mwenye jezi namba kumi na tisa, mwenye mbio. Garvan atavaa kumi na mbili na kukaa benchi. Kisha akawaapisha mmoja mmoja: neno lisitoke nje ya mlango ule, si kwa mke, si kwa mama.

Jumapili bendi ilianza kupiga na timu zikaandamana kuzunguka uwanja. Orlaith alikaa na familia yake, katikati ya watu wa mistari myeusi na ya njano, peke yake na gauni jeupe. Alisimama ili amwone. Wakapita kumi, kumi na moja, na nafasi ya kumi na mbili akapita mtu mwenye namba kumi na tisa mgongoni. Akatazama benchi. Garvan alikuwa pale, amejitanda koti, anatazama nyasi.

"Kaa, mwanangu," mama yake akasema, na ule upole ndio uliomuumiza zaidi. "Watu nyuma hawaoni."

Mechi ikaisha sare. Garvan hakuingia hata dakika moja. Marudio yakapangwa Jumamosi iliyofuata, Thurles.

Jumatatu jioni walikutana katikati ya daraja. Orlaith hakukubali kufika upande wetu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

"Nikakwambia habari ya gauni, ukaninyamazia! Nikakwambia mama hasemi na mimi, ukasema nakusikia, mpenzi!"

"Niliapa, Orlaith. Wote tuliapa."

"Mimi ningemwambia nani?"

Macho ya Garvan yalikwenda ng'ambo, kwenye taa za nyumba za Ferrybank, na Orlaith akayafuata.

"Aa," akasema. "Kumbe. Unadhani ningempelekea Pierce."

"Pierce anakula meza moja na wewe."

"Basi mimi ni mpelelezi. Miezi mitatu unambusu mpelelezi. Nenda kalale, Garvan. Usinipigie."

Alimpigia Jumanne na Jumatano. Mama yake Orlaith ndiye aliyepokea, na kusema kwamba binti yake anaosha nywele. Garvan alisema lazima ziwe zimetakata sana. Mama akakata simu, ingawa alikiri siku ya harusi kwamba alicheka.

Alhamisi mlango wa chumba kile ulifungwa tena. Ijumaa gazeti likaandika: winga wa kushoto, yule yule wa kumi na tisa. Veale, namba ishirini na moja, akiba.

Mchana wa Ijumaa hiyo Garvan alitoka kiwandani na unga kwenye nyusi, akaingia duka la dawa. Nilikuwa kwenye foleni, nimetumwa dawa ya mama. Orlaith hakuinua uso.

"Anayefuata."

"Orlaith."

"Unaumwa nini?"

"Kesho njoo Thurles."

"Kuja kutazama koti lako? Nimesoma gazeti. Ishirini na moja."

"Na mimi nimelisoma."

"Basi? Utacheza?"

Garvan aliweka mikono yake miwili juu ya kaunta, mikono ya mtu anayebeba magunia ya unga.

"Siwezi kukwambia," akasema. "Nimeapa. Nakuomba uje tu."

Bibi Kehoe alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini, amekuja kuomba msamaha na hajui hata unavyoombwa."

Lakini Orlaith alikuwa amesimama wima. Mtu wa akiba hana cha kuapa. Mtu anayekaa benchi na kuandikwa benchi, siri yake ni ipi? Alimtazama Garvan na unga wake, na Garvan akamtazama. Hakuvunja kiapo. Hakumwacha nje pia.

"Anayefuata," Orlaith akasema, safari hii polepole.

Usiku ule mezani kwao kulikuwa na nyama ya nguruwe na kabichi. Pierce alikula kama mtu anayejaza trekta mafuta.

"Vipi yule mwokaji wako?" akauliza. "Kesho kiti kile kile?"

"Pierce, mwache dada yako," mama akasema.

"Nauliza tu. Maana yule kumi na tisa nimeshamsoma, ana mbio lakini hageuki kushoto. Nimejiandaa naye wiki nzima. Veale ningemhofia kidogo. Mzito, lakini mjanja. Afadhali wanamkalisha."

Orlaith alishika kijiko cha viazi. Kaka yake huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Ndiye aliyempeleka shule kwa mgongo barabara ilipojaa maji. Neno moja lingetosha, na hakuna mtu ambaye angejua limetoka wapi.

"Ataumwa mgongo kwa kukaa," akasema. Akampakulia viazi.

Akapanda chumbani, akakaa kitandani na kulia. Aliniambia hakuwa akimlilia Pierce. Alikuwa ameelewa uzito ambao Garvan aliubeba kwenye ile simu, na kwamba yeye alimwita jina baya kwa kuubeba.

Jumamosi Thurles jua liliwaka. Orlaith alivaa sketi ya kijani na blauzi ya rangi ya maziwa, rangi zisizo za mtu, akanunua nafasi upande wa kusimama, akaja kusimama na mimi. Hatukusalimiana sana. Timu zilipojipanga, mtu mwenye ishirini na moja mgongoni alikimbia mpaka winga ya kushoto, akampa Pierce mkono. Watu wetu wakapiga kelele, kisha wakaulizana, kisha wakapiga kelele zaidi. Nilimwona Pierce akigeuka kutazama jukwaa, anatafuta uso mmoja.

Garvan hakufunga pointi nne, na hakufunga goli. Alifunga pointi mbili. Ya kwanza, mpira ulitoka kwenye msongamano wa fimbo, akaudaka juu ya kichwa cha Pierce kwa ule mkono wa kidole kibovu, akageuka kushoto, akaupitisha juu ya mwamba katikati ya nguzo. Ya pili ilikuwa ya mbali, kutoka ukingoni kabisa, miguu imeshaishiwa nguvu, na mpira ulikaa hewani mpaka Orlaith akanishika mkono akanifinya ikabaki alama. Fimbo haikuvunjika. Alikaba, alianguka, aliinuka, alicheza mpaka filimbi ya mwisho. Tulishinda kwa pointi moja.

Fainali tulifungwa. Hiyo wengine waiandike.

Nje ya uwanja, kwenye umati unaoelekea mjini, Pierce alitufikia kwanza, nywele zimelowa, jicho limevimba.

"Ulijua?" akamuuliza dada yake.

"Tangu jana mchana."

"Ukanipakulia viazi."

"Nilikupakulia viazi."

Watu walimkwepa kushoto na kulia. "Ungeniambia," Pierce akasema, "ningeshinda leo, na nisingekuheshimu tena." Kisha akaita kwa sauti juu ya vichwa vya watu: "Veale! Njoo umchukue huyu. Nyumbani kwetu hafai tena, anajua kunyamaza!"

Garvan alifika anachechemea, jezi ya ishirini na moja bado mwilini, tope mpaka masikioni.

"Ulikuja," akasema.

"Uliniomba."

"Nataka kukuoa, Orlaith."

"Hapa? Unavyonuka?"

"Hii ndiyo harufu yangu. Afadhali uamue ukiwa umeijua."

"Nimeijua tangu Mei, mjinga wewe. Ndiyo."

Walifunga ndoa Januari, maana mchezaji haoi kiangazi. Garvan alianza mechi nyingine chache za kaunti, akarudi benchi, akamalizia klabuni mpaka magoti yalipokataa. Hakuwa mchezaji mkubwa kuliko wote, na msibani hakukuwa na haja ya kumwongezea. Pointi mbili dhidi ya Pierce Delahunty zinatosha.

Baada ya kustaafu alifundisha watoto wa klabu yetu kila Jumamosi asubuhi. Sasa Pierce ndiye anayewafundisha.