Ni Kambale Gani, Shemeki?

Nina miaka thelathini na tatu, mjane, naishi Keshero hapa Goma. Kuna jina moja linanifuata kila nikiwasha kompyuta...

Marehemu mume wangu, Mumbere, alitengeneza programu ya kuuza tiketi za boti za Bukavu. Aliiunda kwa vipande, akavipa majina ya kwao Butembo: cha kwanza Mumbere, cha pili Kambale, cha tatu Kasereka. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale. Nani Goma asiyejua hilo? Hata sisi ambao babu zetu walitoka Maniema tunajua!

Alipofariki, programu ndiyo iliyotulisha, mimi na mdogo wake. Naye aliitwa Kambale... Mbali na mimi, ni yeye tu aliyejua neno la siri.

Siku moja nilikuwa naviwekea vile vipande matoleo mapya aliyoyaacha marehemu. Mashine ikaniuliza, nikabonyeza oui, yaani ndiyo, bila kusoma. Programu ikafa! Kwenye kioo kukatokea Kifaransa: "Kasereka supprimé. Demandé par Kambale." Kasereka imefutwa, kwa ombi la Kambale.

Chini kulikuwa na mistari mingine mingi. Sikuisoma! Tangu matanga nilikuwa naogopa kwamba wakwe watanipokonya kila kitu. Sasa jina la mwizi si hili hapa?

Abiria walijaa bandarini, wenye boti wakanitukana, kisha wakatafuta mtu mwingine. Nami nikawaita wazee wa ukoo, nikamwita shemeji yangu mwizi mbele yao.

"Shemeki, ni Kambale gani unasema?" aliniuliza taratibu. "Miye sikugusa ile mashini."

"Kwani humu ndani Kambale ni wangapi?" nilimfokea.

Asubuhi yake alipanda basi dogo la Rutshuru, njia ya kwao Butembo, bila kuaga. Simu yake ikazimika njiani, na barabara ile ya watekaji mnaijua wenyewe...

Baadaye rafiki wa marehemu alikuja kunisaidia. Alisoma ile mistari yote, akaniangalia kwa huruma.

"Mama, hapa Kambale si mutu. Ni kile kipande cha pili. Toleo yake mupya haipatane na Kasereka ya zamani, njo mashini ikaifuta. Na ni weye ulisema oui."

Jamani... ni mimi!

Nimemtafuta Rutshuru, nimeuliza mpaka bandari ya Kituku. Hakuna aliyemwona. Mama mkwe hupiga simu kutoka Butembo: "Mutoto wangu iko wapi?" Nimjibu nini?

Wapendwa, mashine ikikutajia jina, soma mpaka mstari wa mwisho kabla hujamnyooshea mtu kidole. Na mtu akikuuliza swali, mjibu! Yule aliniuliza swali moja tu.

Programu nimejaribu kuifufua. Inataka Kambale ya zamani, na marehemu hakuacha nakala. Kila mara inafika palepale, inasimama, inaandika: "Kambale introuvable." Hapatikani.

Najua, huwa naiambia. Najua...