Samaki wa Mama

Kila siku saa saba mchana Chiriku alirudi kutoka shule, akavua sare, akanawa mikono na kuingia jikoni kupakua chakula cha mama yake. Jina la Chiriku alibandikwa na majirani kwa sababu ya domo lake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi ya kupakua chakula hicho ilikuwa yake peke yake. Aliyepika ni Mama Mkubwa, dada yake mama aliyehamia kwao kumuuguza, lakini Mama Mkubwa hakutaka kusikia habari za kumpimia mtu mzima chakula kwa kijiko.

"Mimi ni mpishi, si mfamasia," alisema, akaacha sufuria na kwenda kufua nguo uani.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Alishonea chumba cha mbele, dirishani, ambako kila mpita njia alimwona. Kwa miaka mingi mtaa mzima ulimwita Tangi kwa unene wake. Walimwita hivyo mbele ya macho yake, hata wateja waliokuja kumwomba awamalizie suruali haraka. Mama alicheka nao, kisha wakiondoka alifunga mlango na kushika tama. Miezi saba iliyopita, sukari na presha zilipoanza kummaliza, madaktari walimfanyia upasuaji wa kupunguza tumbo. Walimwachia tumbo dogo, lisilozidi ukubwa wa ndizi moja.

Tumbo la namna hiyo lilihitaji hesabu. Mtaalamu wa lishe wa hospitali, mwanamke mkavu asiye na mzaha, aliwaeleza Mama na Chiriku polepole. Kila mlo ni vijiko vinane tu. Vijiko vitano vya kwanza ni protini: samaki, yai au kuku, maana hiyo ndiyo inayotunza misuli, nywele na damu. Maharage yalimjaza gesi, kwa hiyo yaliwekwa kando kwanza. Vijiko vitatu vya mwisho ni mboga. Atafune sana, na maji anywe baadaye. Kisha akampa Chiriku daftari la kuandika kila alichokula mama yake, kwa kuwa binti huyo alikuwa na mwandiko mzuri.

Basi kila siku palikuwa na samaki wa Mama. Baba, dereva wa malori, alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, na alichotuma hakikutosha samaki wa watu watatu. Chiriku na Mama Mkubwa walikula wali na kabichi. Chiriku alimchambua samaki miiba huku mate yakimjaa mdomoni.

Miezi ya mwanzo alivumilia, kisha siku moja alionja mkia. Siku ya tatu alikula upande mmoja. Wiki ya pili alimmaliza samaki mzima akiwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, akafuta midomo kwa kiganja, akajaza kisahani cha Mama vijiko vinane vya kabichi na kumpelekea chumba cha mbele. Sababu hakukosa, na zilikuwa tamu kama samaki mwenyewe. Mama anapunguza mwili, na anayepunguza mwili anakula mboga. Mama anashiba upesi. Mama alikwisha kula sana zamani. Hiyo ya mwisho ilikuwa sababu mbaya kuliko zote, nayo ndiyo aliyoipenda zaidi. Jioni alifungua daftari na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: samaki vijiko vitano, mboga vijiko vitatu.

Mayai ya asubuhi yakafuata njia hiyohiyo. Kuku wa jioni naye hakusalimika.

Huenda unajiuliza kwa nini Mama hakuuliza. Aliuliza mara moja tu.

"Leo hakuna samaki, mwanangu?"

"Hakuna, Mama."

Akatazama kabichi, akashika kijiko, akala. Mtu aliyeitwa Tangi nusu ya maisha yake haombi kuongezwa chakula. Zaidi ya hayo, alidhani anamjua aliyemnyima. Mama Mkubwa aliupinga upasuaji tangu mwanzo. "Wenzako wanafunga midomo, wewe unakwenda kukatwa tumbo," alimwambia waziwazi siku ile. Mama aliamini kwamba dada yake anamwadhibu kwa kabichi, akanyamaza. Alianza kuitikia salamu zake kwa mkato.

Haukupita muda mrefu miguu yake ikavimba na nywele zikaanza kutoka kwa mafungu. Siku moja bibi arusi alikuja kujaribu gauni lake jeupe. Alipolikunjua akakuta nywele nyeusi zimenata kifuani. Akazitoa kwa ncha za vidole, moja baada ya nyingine, uso ameukunja.

"Fundi, unashona au unanyonyoka?" aliuliza, akakusanya kitambaa chake kabla hakijamalizika na kukipeleka kwa fundi mwingine.

Chiriku aliyaona yote hayo. Kesho yake, wakati wa mapumziko shuleni, aliwaigizia wenzake. Alijishika kichwa, akajifanya nywele zinamdondoka, akatembea kwa miguu mizito. Wenzake walicheka mpaka wakaketi chini, naye akacheka kuwashinda.

Asubuhi ya Jumamosi moja Mama alishindwa kuvumilia. Aliingia jikoni akijishikilia ukutani.

"Dada, kama umechoka kunipikia, niambie," alisema. "Usininyime chakula nyumbani kwangu. Sijaona samaki mwezi wa pili huu."

Mama Mkubwa aliweka mwiko chini. "Mimi nikunyime? Mimi niliyekuosha kidonda? Samaki napika kila siku. Muulize mwanao, yeye ndiye anayepakua."

Wote wawili wakamgeukia Chiriku. Hapo palikuwa pahali pazuri pa kusema kweli, na angepigwa kidogo tu. Lakini alimtazama Mama Mkubwa usoni.

"Mimi sijamwona samaki, Mama," alisema.

Mama Mkubwa aliingia chumbani, akafunga nguo zake ndani ya shuka na kutoka. Alipofika mlangoni alikuwa analia. Mama hakumwita. Saa moja baadaye alianguka juu ya cherehani, na jirani akasaidia kumpeleka hospitali.

Jumatatu mtaalamu wa lishe aliomba daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama kwenye korido ya wodi, kisha akatazama majibu ya damu, kisha akarudia daftari.

"Nimemwuliza mama yako anakula nini, akanijibu anakula anacholetewa," alisema. "Hapa umeandika vizuri sana, kila siku. Lakini protini kwenye damu yake ipo chini mno. Kama chakula kinaingia na mwili haukipokei, basi tatizo lipo ndani. Kesho daktari atampitishia mpira wenye kamera kooni. Akiona kasoro atamfungua tena."

"Kumfungua tena?"

"Ndiyo. Na katika hali hii aliyo nayo, si jambo dogo."

Chiriku aliingia wodini. Mama alikuwa amekwisha kupewa karatasi ya kukubali upasuaji. Mkono uliokata vitambaa kwa miaka ishirini bila kukosea ulikuwa umeshika kalamu juu ya mahali pa sahihi.

"Njoo hapa," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Mara hii sidhani kama nitaamka. Nikiondoka, nenda kwa Mama Mkubwa umwombe akuchukue. Usimchukie kwa ajili yangu. Alininyima samaki, lakini wewe hatakunyima."

Nyuma yao mtaalamu alikuwa anasubiri karatasi. Hakuna aliyemshuku Chiriku. Daftari lilikuwa safi, na angenyamaza hakuna ambaye angejua.

"Nilimla mimi," alisema.

"Ulikula nini?" mtaalamu aliuliza.

"Samaki. Na mayai. Na kuku. Mama nilimpa kabichi tupu. Daftari lote ni la uongo."

Mama aliacha kalamu. Aliufunika uso wake kwa shuka, na Chiriku aliona aheri angepigwa mbele ya wodi nzima.

Mtaalamu alichukua karatasi na kuichana. Hakumbembeleza Chiriku hata kidogo.

"Nisikilize, binti. Mboga si adui. Zinampa vitamini na zinamsaidia kupata choo, ndiyo maana nilimwandikia vijiko vitatu. Lakini tumbo lake lina nafasi ya vijiko vinane tu. Ulipoijaza yote kabichi, hukumwachia mahali pa kuweka chakula cha kujenga mwili, na mwili ukaanza kujila wenyewe. Ule mwandiko wako mzuri ndio uliotudanganya sisi. Tulikuwa tunakwenda kumpasua mama yako kwa sababu yako."

Mama alizungumza akiwa bado ndani ya shuka. "Nenda kwa dada yangu. Kamwambie kwa mdomo huohuo."

Chiriku alimkuta Mama Mkubwa nje ya chumba chake, mtaa wa pili, akianika nguo. Alieleza yote kwa kigugumizi, yeye ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia. Mama Mkubwa alimaliza kwanza kuanika shuka aliyokuwa nayo mkononi.

"Ulinifanya mwongo na mchawi mbele ya mdogo wangu," alisema. "Mimi mtu mzima." Kisha akajifunga kanga yake na kwenda hospitali kwa miguu. Njia nzima Chiriku alimfuata nyuma, na njia nzima hakusemeshwa.

Mama alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Safari hii Mama Mkubwa alikubali kushika kijiko cha kupimia, akanung'unika kila siku, lakini hakukosea hata mara moja: vitano vya samaki kwanza, vitatu vya mboga baadaye. Uvimbe wa miguu ulikwisha. Baada ya miezi mitatu nywele fupi zilianza kuota. Bibi arusi yule hakurudi, na wateja wengine wawili walimfuata huko alikokwenda.

Chiriku aliruhusiwa kukaa mezani, si kupakua. Mama Mkubwa alimpa sahani yake bila kumtazama. Siku moja, Mama akiwa anatafuna polepole kama alivyoagizwa, Chiriku alijikaza.

"Mama, umenisamehe?"

Mama alitafuna hadi mwisho, akameza.

"Samaki nimekusamehe," alisema. "Ulikuwa mtoto mwenye hamu, na hamu naijua kuliko mtu yeyote mtaani hapa. Ungesema, ningekumegea. Lakini kutamani samaki ni jambo moja, na kuniambia hayupo huku yumo mdomoni mwako ni jingine. Ulinifanya nimchukie dada yangu miezi miwili, na nilikuwa tayari kufa nikimchukia. Hilo si langu kulisamehe. Mwombe yeye, na akikataa, mwombe tena kesho."

Chiriku alimgeukia Mama Mkubwa na kumwomba msamaha.

"Kula kwanza," Mama Mkubwa alisema. "Utaniomba tena kesho."