Sindano Katikati ya Barafu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Yarledis alimfunga mama yake vifungo vya gauni, kisha akamshikia kikombe cha kahawa anywe. Mama yake, Nurys, alikuwa fundi cherehani. Nusu ya mtaa wao katika jiji la Barranquilla ilicheza kanivali kwa magauni aliyoyashona. Lakini baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha vidole, na cherehani sasa ilikuwa imefunikwa shuka kama maiti.

Kwa muda mrefu alikuwa akiwekewa dripu hospitalini. Ilipoacha kumsaidia, daktari akambadilishia dawa: sindano za kujidunga nyumbani kila wiki, zikitunzwa kwenye friji. Mtaa mzima ulikuwa na la kusema.

"Shoga, kijisindano hicho?" alicheka jirani yao, Edilsa, ambaye hakuhitaji kukaribishwa. "Dripu nzima imeshindwa, sembuse kitone!"

"Mdomo wako ungekuwa dawa, Edilsa, ningepona zamani."

Friji yao haikupumzika. Waliuza boli, juisi zilizogandishwa kwenye vifuko, na watoto waligonga dirisha kutwa: "Boli ya ukwaju!" Jumamosi moja umeme ukakatika, jua likiwa utosini. Mama alikuwa amelala, akiugulia maumivu. Yarledis akafanya wanavyofanya wote mtaani umeme ukikatika: cha thamani kizikwe kwenye barafu. Akazizika sindano zote katikati ya boli.

Umeme uliporudi, wateja wakajaa dirishani, akasahau. Kesho yake alizikuta ngumu kama jiwe. Akazirudisha mahali pake, sehemu ya chini isiyogandisha, zikayeyuka. Dawa ikawa safi kama maji, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku ya kudunga ikafika. "Niletee, mwanangu," mama alisema, machozi yakimlengalenga. "Hii nayo ikinikataa, sijui nitakimbilia wapi."

Yarledis alisimama na sindano mkononi. Akisema, mama hana dawa. Asiposema je? Mama akapandisha gauni pajani.

"Mama, usijidunge! Ziliganda. Mimi ndiye niliyeziweka kwenye barafu."

Mama akalia kwa sauti. "Ningekuchapa, Yarledis. Lakini mkono wenyewe uko wapi?"

Kilio kilimleta Edilsa mbio. Kwa mara ya kwanza hakutania. Alikwenda kliniki, akapiga kelele hadi Nesi Osiris akafuatana naye, amebeba kiboksi cha baridi.

"Iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka," nesi alisema, akizikusanya zile mbovu na kutoa mpya kiboksini. "Hii moja ni ya wiki hii. Nyingine nitakuombea hospitalini."

"Na zikae kwangu," Edilsa akadakia. "Friji yangu haina boli. Ina maji tu."

"Na umbea," mama akasema, akifuta machozi.

Nesi akamgeukia Yarledis. "Kutojua si dhambi, binti. Ulipaswa kuuliza, basi. Lakini ungenyamaza, mama yako angejidunga dawa iliyokufa wiki baada ya wiki, nasi tungedhani sindano zimemshinda, tukamwachisha dawa inayomfaa. Kosa likisemwa mapema, hupatiwa tiba. Likifichwa, humla asiye na hatia."

Dawa ilichukua muda kufanya kazi, na asubuhi nyingi zilikuwa za machozi. Kisha siku moja Yarledis alinyoosha mikono kumfunga mama vifungo, mama akamzuia.

"Ngoja," alisema. Akakifunga kimoja mwenyewe, taratibu. "Hivyo vingine, nisaidie."