Karatasi Chini ya Shingo ya Gitaa

Gitaa lililokaa ndani ya kontena miezi miwili halifiki Nairobi likiwa na sauti sawa. Hilo Tobias alilijua kama alivyojua jina la mkewe. Mbao hujivuta, nyuzi hulegea, na fundi huanza kazi kwa kukaza. Lakini lile gitaa jekundu la umeme aliloletewa na Jamleck asubuhi moja ya mwaka 2006, katika karakana yake ya ghorofa ya tatu karibu na Barabara ya Luthuli, alipolipitishia kidole gumba tu, nyuzi zote sita zilijibu sawasawa, bila hata moja kupotoka.

"Umeona?" Jamleck alichekelea. Kazi yake ilikuwa kuingiza ala za muziki za mitumba kutoka ng'ambo. "Kuna kanisa huko Kilimani inangoja tu neno yako. Sema ni original, fundi."

"Pole pole. Mimi sisemi kitu kabla sijafungua."

Ndivyo alivyokuwa, na tusimwonee. Mjini hapa hakukuwa na mtu wa kumdanganya Tobias juu ya gitaa. Akisema ni feki, ni feki, hata ulie. Alilipakata akapima uzito wake. Alilielekeza dirishani akakagua shingo kwa jicho moja, kama seremala anavyokagua ubao, akaona imenyooka. Akainama akanusa tundu la waya, na hapo akakunja uso. Kulikuwa na harufu ya udi, na chini ya udi harufu ya nyama mbichi.

Angeishia hapo. Lakini alikuwa na sifa zake za kulinda, basi akalegeza nyuzi na kuzitoa, akafungua skrubu nne za nyuma na kuing'oa shingo ili aone muhuri wa kiwanda. Muhuri ulikuwepo, halali kabisa. Juu yake palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, kimefungwa kwa uzi mweusi na kujaa maandishi madogo mekundu.

"Hii ni nini sasa?" Jamleck aliuliza.

"Fundi mvivu," Tobias alijibu kwa dharau. "Shingo ikilala, badala ya kuchonga mbao wanaweka karatasi. Hapo thamani inashuka."

Akakitupa kwenye jiko alilokuwa akipashia gundi moto. Kikaratasi kikalia. Kililia kama mtu.

Jamleck alicheka kidogo, kicheko cha woga, na kabla hajakimaliza, uzi wa gitaa mnene kuliko wote, uliokuwa umelala mezani, ukanyanyuka wenyewe, ukamzunguka kooni mara mbili na kukaza, damu ikaruka hadi kwenye kioo cha dirisha. Tobias aliukata kwa koleo huku mwenzake akipiga mateke na macho yakimtoka. Walinzi wa chini wakambeba kumkimbiza hospitali akiwa hai, lakini hawezi kutoa neno. Tobias aliporudi mezani alikuta mbao tu na nyuzi zilizotapakaa. Harufu ya udi ilikuwa imeondoka. Akamshukuru Mungu, maskini, badala ya kujiuliza imekwenda wapi.

Ilikuwa imemtangulia nyumbani. Aliisikia akiwa bado langoni, kule Kabiria, jua la saa tisa likiwaka. Mkewe Lornah alikuwa ameketi kwenye sakafu ya jikoni, mdomo umefumbwa, na kutoka kooni mwake zilikuwa zikitoka sauti sita, moja baada ya nyingine, sawasawa kabisa.

"Mama Ivyne?"

"Funga mlango," alinong'ona kwa sauti yake mwenyewe. "Baba Ivyne, kuna mtu ndani yangu."

Ivyne, binti yao, alikuwa shule ya bweni, na hiyo ndiyo heri pekee ya siku ile. Wazee wawili wa kanisa walikuja kuomba. Lornah, mwanamke asiyefika kilo hamsini, alimnyanyua mmoja kwa ukosi akampigiza ukutani hadi mfupa wa bega ukalia, na mwenzake akatorokea dirishani. Jirani mmoja, mlokole wa kutupwa, akataja namba ya simu ya Nzula, mganga wa Kawangware. Jinsi alivyoijua kichwani hatukumuuliza.

Nzula alipofika alinyunyiza ugoro na chumvi, akachuchumaa mbali kidogo na Lornah.

"Nani alikufungua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Huyu," likajibu jini kutoka kooni mwa Lornah, sauti nzito ya kiume. "Nilifungiwa kwenye mbao miaka arubaini. Yeye amenitoa, na mimi ni mgeni wake."

"Toka basi."

Lilicheka. "Si anajua thamani ya vitu? Aseme. Anatoa nini nimwachie huyu mwanamke?"

"Usimjibu, baba," Nzula alinong'ona akimshika Tobias shati. "Ukitaja kitu tu, umeingia biashara na yeye."

Lakini mikono ya Lornah ilikuwa imeshapanda kwenye koo lake mwenyewe, ikibana, kucha zikizama na damu ikichuruzika hadi kifuani, midomo ikigeuka rangi ya majivu, na macho yake, yale macho aliyoyapenda tangu wakiwa vijana, yalikuwa bado ni yake, yakimwangalia na kumwomba, na Tobias hakuweza kuvumilia tena, alimpenda kupita akili, akapiga kelele kwamba anatoa vidole vyake, vinne vya kushoto, vile vinavyobana nyuzi na kumlisha, akavilaza juu ya ubao wa kukatia mboga, akashusha panga mara moja.

Mikono ya Lornah ikalegea. Akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akalia. Tobias alijiburuta hadi kwake na kumkumbatia kwa mkono mzima, damu ya wote wawili ikichanganyika sakafuni.

"Mama Ivyne. Ni wewe?"

"Ni mimi," alinong'ona.

Nzula alikuwa akirudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni.

Lornah akainua uso, akaviangalia vile vidole juu ya ubao, kimoja kimoja, jicho moja limefumbwa.

"Mali ni safi, fundi," ikasema ile sauti nzito, kwa upole. "Ongeza kidogo."