Vituo Vyote Viulizwe kwa Pamoja

Mtaani kwetu jijini Amman maji ya bomba huja Jumanne. Siku hiyo hakuna mgonjwa wala mchovu. Mama hujifunga kibwebwe tangu alfajiri, kwa sababu kuna nguo za kufua, mapipa ya kujaza na tangi la juu ya paa, na watu bado wanataka kula.

Jumanne ile nilishika mpira wa maji nikilitazama pipa, huku moyo ukinichemka kwa hasira. Nilikuwa bado nabishana kichwani na binamu yangu Kutaiba.

Katika klabu ya kompyuta ya Mwalimu Rima shuleni kwetu tulikuwa tumetengeneza programu ya simu. Kiangazi maji ya bomba hayatoshi, kwa hiyo watu hununua ya maboza, yale malori ya tangi. Programu yetu iliuliza kila kituo cha maboza kama kina maji leo, kisha ikamwonyesha mteja. Shida ilikuwa moja. Ilikiuliza kituo cha kwanza, ikangoja jibu, ndipo ikaenda kwa cha pili. Ikifika kwa mzee Abu Sakhri, mwenye kompyuta kongwe inayojibu ikipenda, skrini yote iliganda.

"Mtoe," alikuwa ameniambia Kutaiba asubuhi ile, yeye akiwa kiongozi wa mradi wetu. "Mwenda pole hajikwai, sawa, lakini huyu hata hajatoka nyumbani!"

"Simtoi."

"Basi andika mwenyewe kwamba ana maji. Nani atajua?"

"Umm Nidal atajua, akishakaa na ndoo tupu kutwa nzima." Umm Nidal ni mjane anayeishi juu kabisa kilimani, katika kichochoro ambacho ni boza dogo la Abu Sakhri tu linaloweza kupenya.

"Bisan, acha ukaidi. Kesho akina mama wa mtaa wanakuja kuiona. Ikiganda mbele yao, Mwalimu Rima ataiweka kando aonyeshe mchezo wangu wa kompyuta wa kandanda."

"Auonyeshe! Mimi siwadanganyi watu, na Umm Nidal simwachi."

Nilisema hivyo kwa kiburi, lakini dawa ya ile skrini sikuwa nayo. Ndiyo maana nilikuwa nimeduwaa pale uani.

"We Bisan!" Mama alifoka kutoka jikoni. "Ukilikodolea macho ndiyo litajaa upesi?"

Nikamtazama yeye badala ya pipa. Aliwasha mashine ya kufulia, akaiacha. Akapanda kufungua maji ya tangi, akayaacha. Akabandika dengu, akashika ufagio. Mashine ilipolia, akairudia. Alikuwa mtu mmoja mwenye mikono miwili, na kazi zote zilikuwa zinakwenda.

Nikakumbuka somo ambalo nililidharau. Mwalimu Rima alitufundisha korutini, yaani kazi ndani ya programu inayoweza kuuliza swali, ikakaa kando kungoja jibu, na kuwapisha wenzake waendelee. Niliutumbukiza mpira ndani ya pipa nikakimbilia kompyuta. Kila kituo nikakipa korutini yake, vyote viulizwe kwa pamoja. Nikaiwasha. Haikuganda hata kidogo.

Ila skrini ilikuwa tupu.

Kutaiba, anayekaa ghorofa ya juu, alikuwa ameshuka kuchungulia. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hongera, dada! Zamani ilichelewa kusema, sasa ni bubu kabisa."

Kabla sijamjibu, jirani akapiga kelele kutoka paa la pili: "Majiii! Pipa lenu linamwagika!"

Kwetu hakuna aibu kama hiyo. Nilitoka mbio miguu mitupu, nikamkuta Mama ameshafunga bomba, sketi imelowa mpaka magotini.

"Nilifanya kama wewe," nikajitetea. "Wewe huanzisha kazi bila kuisubiri."

"Nani kakudanganya? Nasubiri zote! Ila sisubiri moja moja. Na ukianzisha jambo, urudi kulichukua."

Niliganda pale kama ile programu. Nilikuwa nimeviuliza vituo vyote, lakini sikuiambia programu irudi kuyachukua majibu kabla ya kuonyesha. Nilifagia maji huku nacheka, Mama akadhani nimepata wazimu. Kisha nikarekebisha. Programu ingevingoja vituo vyote pamoja kwa muda mfupi, na atakayechelewa angeandikwa kwamba hajajibu, jibu lake liongezwe likifika.

Kesho yake akina mama walijaa darasani, Mama akiwemo. Nilibonyeza, majibu yakatokea karibu kwa mpigo. Mbele ya jina la Abu Sakhri paliandikwa: Hajajibu bado. Kutaiba alifunika uso.

"Mbona huyu hajajibu?" mama mmoja akauliza.

"Kwa sababu hajajibu," nikasema, kidevu juu.

Walicheka. Kicheko hakijaisha, maneno yakabadilika: Maji yapo. Nyuma ya darasa Umm Nidal alikuwa tayari na simu sikioni. "Abu Sakhri! Lete maji, na leo usiniambie boza limeharibika, nimekuona hapa!"

Kutaiba mwenyewe alipiga makofi, ingawa polepole.

Mwalimu Rima, ambaye habari za ubishi wetu zilikuwa zimemfikia, akasimama. "Watoto, shikeni hili. Kusubiri si kukaa bure, na haraka si kumtupa anayechelewa. Na asiyejibu, msimtilie jibu mdomoni. Bisan angeweza kupata skrini nzuri kwa uongo. Alikataa, akafanya kazi mpaka akaipata kwa ukweli."

Nikamgeukia Mama, nikitarajia naye anisifu.

"Amesema kweli tupu," akasema. "Na Jumanne ijayo pipa ni lako. Urudi kulichukua."