Macho ya Kipanga

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Kipanga alikuwa ameshamvalisha mdogo wake sweta, amemfunga kamba za viatu na kumkemea kwa kuzifungua tena. Mdogo wake alikuwa mtoto wa chekechea. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka karibu yote kwa mkupuo, ndiyo maana nyumbani walimwita Kibogoyo, naye akaitika kwa fahari.

Kipanga naye alilipenda jina lake. Alipewa na baba yake, fundi saa, siku alipookota chini ya meza skrubu ndogo kama punje ya mchanga, baada ya fundi mwenyewe kuitafuta mpaka akakata tamaa. "Mwanangu una macho ya kipanga," baba alisema, na jina likamganda.

Lakini mwaka huo ubao wa darasani ulianza kumtoroka. Vitu vya karibu aliviona vizuri. Vya mbali viliyeyuka. Aliazima daftari la jirani yake wa dawati, akanakili, akanyamaza.

Siku moja mwalimu wa sayansi alifundisha jinsi binadamu alivyobadilika tangu enzi za kale. Alieleza kwamba mabadiliko hayo yalikwenda polepole mno, kizazi baada ya kizazi: aliyezaliwa na sifa iliyomsaidia kuishi aliacha watoto wengi zaidi, nao wakarithi sifa hiyo. Kisha akabandika ubaoni picha ya watu wa kale waliopangwa mstari, akamwuliza Kipanga yule mtu wa mwisho ameshika nini.

Kipanga alikodoa macho. Aliona ukungu wenye mikono.

"Ameshika mwavuli," alijibu.

Ulikuwa mkuki. Darasa zima lilivunjika mbavu. Jirani yake, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, akamwambia, "Wewe enzi hizo ungekuwa kitoweo cha simba. Ungemfuata umpe shikamoo ukidhani ni shangazi."

Kipanga alicheka pamoja nao, lakini maneno yale yalimkaa moyoni. Kumbe mwenye macho mabovu ni mtu wa kuachwa nyuma, alijiambia.

Kwa hiyo muuguzi wa macho alipofika shuleni na kutundika chati ya herufi ukutani, Kipanga alitega sikio kwenye foleni. Waliotangulia walizisoma kwa sauti, naye akazikariri zote. Zamu yake ilipofika alizimwaga bila kukwama, na muuguzi akampongeza. Jioni baba alipomwuliza, alijibu kwamba macho yake ni mazima.

Uongo huo ulimfuata mpaka kwenye lango la chekechea. Ilikuwa alasiri ya manyunyu, na watoto walitoka wamejifunika kofia za masweta, wote sare moja. Kipanga alimwona mdogo wake ng'ambo ya uwanja, akampungia mkono, naye akapungiwa. Alimshika mkono wakaondoka, huku akimsema kuhusu kamba za viatu njia nzima. Walikuwa wameshakata kona mtoto alipoinua uso.

"Wewe siyo dada yangu," alisema, na meno yake yote yalikuwepo.

Kipanga alimbeba yule mtoto na kurudi mbio. Langoni alimkuta mama wa mtoto huyo akilia, na mlinzi akimtuliza. Mama alimnyakua mwanawe, akamwambia Kipanga maneno makali. Kipanga alikuwa akitafuta kwa macho, na Kibogoyo hakuwepo.

Yeye na mlinzi walimpata ng'ambo ya barabara kubwa, kwa muuza magazeti. Alikuwa amemwona dada yake akiondoka na mtoto mwingine, akatoka kumfuata, akavuka barabara peke yake. Dereva mmoja alikuwa amefunga breki karibu naye kabisa. Kibogoyo alimtazama dada yake machozi yakimlengalenga.

"Umenibadilisha," alisema.

Jioni hiyo Kipanga alimweleza baba yake kila kitu: ubao, herufi, na uongo. Baba aliweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba kesho wataenda kliniki.

Muuguzi alikuwa yule yule, ila chati ilikuwa nyingine. Safari hii Kipanga alisema hazioni herufi zake. Muuguzi alishangaa, akataka kujua alizisomaje shuleni, na Kipanga akaeleza, mpaka habari ya simba na shangazi. Muuguzi alicheka, kisha akavuta kiti.

"Rafiki yako amesema nusu ya ukweli," alimwambia. "Kweli, zamani asiyeona mbali alikuwa hatarini zaidi. Lakini binadamu hakukaa kungoja hali imbadilishe. Aliwasha moto, akashona nguo, akafuga. Wafugaji wa kale walianza kunywa maziwa, na baada ya vizazi vingi, wengi katika uzao wao wakawa na matumbo yanayoyamudu hata ukubwani. Sisi tunabadilisha maisha, na maisha yanatubadilisha sisi. Miwani nayo ni hivyo hivyo. Siku hizi asiyeona mbali anasoma, anafanya kazi, analea wanawe. Hakuna haja ya kumwacha nyuma."

Kipanga aliuliza kama binadamu bado anabadilika. Muuguzi alijibu kwamba bado, ila polepole kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuyaona mabadiliko hayo katika umri wake. Akamshauri pia acheze nje mchana, asishinde ndani kitabu kikiwa puani, ili macho yasizidi kudhoofika.

Siku Kipanga alipoingia darasani na miwani, Redio aliomba kuijaribu. Aliivaa, akapapasa dawati.

"Dunia nzima imekuwa maji," alisema. "Humu ndimo ulimokuwa unaishi?" Kisha, kwa sauti ya chini, akamwomba radhi kwa habari ya simba.

Mwalimu alimruhusu Kipanga awasimulie wenzake aliyojifunza. Alisimulia yote, hata jinsi alivyozikariri herufi, ingawa sehemu hiyo ilimtoa jasho. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Mwalimu alimwambia akae, akawageukia wanafunzi.

"Binadamu hana kucha za chui wala mbio za swala," alisema. "Amefika hapa kwa sababu wenye nguvu waliwashika mkono wasio nazo. Lakini anayeficha shida yake anatufunga mikono, na uongo wake unaweza kumwumiza mwingine asiye na kosa. Ukiwa huoni, sema. Ukiwa huelewi, sema. Waliokuzunguka ndio sehemu ya nguvu zako."

Kisha alichukua chaki, akaandika swali la kwanza kwa herufi ndogo kabisa kwenye kona ya ubao. Kipanga akalisoma.